Ndevu za Shylock: nyekundu, nyeusi ao nyeupe?



 Katika karatasi zilizopita tulitangaza ya kwamba sisi wa mwaka wa tano tutacheza Mabepari wa Venisi siku ya kufunga mwaka wa masomo. Tangu siku ile mnatuuliza swali moja tu, njiani na kisimani. Hamuulizi kama tumeshika maneno kwa moyo. Hamuulizi kama nguo ziko tayari. Mnauliza: "Ni kweli mmegombana juu ya ndevu?"

Ni kweli. Tumegombana juma mbili nzima juu ya ndevu. Wengine watacheka na kusema wanafunzi wa siku hizi hawana kazi. Basi wacheke kwanza, kisha wasome mpaka mwisho. Sisi tulianza kwa kucheka vilevile, na kicheko chetu kilitufikisha fasi mbaya.

Kwa wale wasiojua mchezo, tueleze kidogo. Uliandikwa na Mwingereza William Shakespeare karibu na mwaka 1596 ao 1597, ukachapwa mara ya kwanza mwaka 1600. Mwalimu Julius Nyerere, wakati alipokuwa Rais wa Tanzania, aliuweka katika Kiswahili, na kitabu chake kilitoka mwaka 1969. Mbele ya hapo, mwaka 1963, alikuwa amekwisha kutoa Kiswahili cha mchezo wa Julius Caesar. Kwa hiyo hatuna sababu ya kusema Shakespeare ni wa watu wa Kizungu tu. Tuko naye katika lugha yetu, na lugha hiyo inasikiwa sawasawa hapa Kasongo.

Habari yenyewe ni hii. Antonio ni mfanyabiashara wa mji wa Venisi. Rafiki yake Bassanio anataka kwenda kumwoa Portia, binti tajiri, lakini hana feza. Antonio anamkopea ducat 3.000 kwa Shylock, Myahudi mwenye kukopesha kwa riba. Shylock hataki riba safari hii. Anataka maandiko: kama deni halijalipwa kwa miezi mitatu, atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Siku zinapita, deni halilipwi, wanafika mbele ya baraza. Hapo Portia, amevaa nguo za mwanaume mwenye kujua sheria, anasema: kata nyama, lakini usimwage hata tone moja la damu. Shylock anashindwa, ananyang'anywa mali, tena anaamriwa kuwa Mkristo.

Sasa, ndevu. Ya kwamba Shylock ana ndevu, hakuna mabishano. Yeye mwenyewe anamkumbusha Antonio ya kuwa alimtemea mate ndevuni. Mabishano ni juu ya rangi.

Mwenzetu mmoja alisoma ya kwamba huko Uingereza zamani Shylock alichezwa na nywele nyekundu na ndevu nyekundu. Tukafurahi sana. Tulisema: hii ndiyo historia, tufanye kama wenyewe walivyofanya! Tena tulikuwa na njia rahisi. Nywele za bandia za rangi hiyo hazipatikani hapa, lakini hina inapatikana. Tulichanga faranga, tukanunua hina, tukapaka nyuzi za raphia, zikatoka nyekundu vizuri kabisa. Tusijifiche: ni sisi wenyewe tulionunua, na ni sisi tulioshangilia.

Siku ya kujaribu mavazi, watoto wa shule ya msingi walikuwa madirishani. Mchezaji wetu alipofunga zile ndevu, akainama kidogo, akaanza kuhesabu feza za uongo, mtoto mmoja akapiga kelele dirishani: "Ni mzee wa msikitini!" Wote wakacheka. Na sisi tukacheka.

Ule mwenye kucheza Shylock hakucheka. Wengi wenu mnajua ya kwamba katika shule yetu ya Kiprotestanti wako pia watoto wa jamaa za Waislamu, na yeye ni mmoja wao. Babu yake ni mzee mwenye kupaka hina ndevuni, kama wazee wengi Waislamu wanavyofanya. Mwenzetu alifungua ndevu, akaziweka juu ya meza pamoja na karatasi yake ya maneno, akatoka. Hakutukana mtu.

Ndipo swali la rangi likaacha kuwa mchezo. Tulirudi kuliuliza upya, tena kwa akili: je, ni kweli historia inataka nyekundu? Na kama inataka, ni historia ya nani?

Tumeona ya kwamba watu wakisema "tufuate historia" wanachanganya mambo matatu. Kuna maneno ya mwandishi mwenyewe. Kuna mji wa Venisi kama ulivyokuwa kwa kweli. Tena kuna desturi ya wachezaji. Hayo matatu hayasemi neno moja.

Tuanze na mwandishi. Tulisoma mchezo wote tena, kurasa kwa kurasa, tukigawana sehemu. Hakuna fasi hata moja Shakespeare anasema nywele za Shylock ni nyekundu. Anasema ana ndevu. Anasema ana binti mkubwa wa kuolewa. Tena mbele ya baraza, Mkuu wa Venisi anapowaita wawili wasimame, anamwita Shylock mzee. Basi, kwa mwandishi tuko na mzee mwenye ndevu. Mtu akitaka kufuata kitabu, mvi ziko karibu kuliko nyekundu.

Pili, Venisi. Huko mwaka 1516 serikali iliweka Wayahudi wakae katika mtaa mmoja, nao mtaa ule uliitwa ghetto. Milango yake ilifungwa usiku. Sheria iliwalazimisha kuvaa alama ili wajulikane. Kwanza alama ya manjano nguoni, kisha kofia ya manjano, na baadaye kofia nyekundu. Mwingereza Thomas Coryat alifika Venisi mwaka 1608, Shakespeare akiwa bado hai, na katika kitabu chake cha mwaka 1611 aliandika ya kwamba Wayahudi wenye asili ya Italia na nchi za magharibi walivaa kofia nyekundu, na wale wa mashariki walivaa vilemba vya manjano. Sikieni vizuri: nyekundu ilikuwa juu ya kofia. Tena haikutoka kwa Mungu ao kwa mama aliyewazaa, ilitoka kwa serikali. Mtu aliyeamka asubuhi na nywele zake nyeusi alilazimishwa kuweka nyekundu juu yake mbele ya kutoka inje.

Tatu, desturi ya wachezaji. Hapa ndipo zile ndevu nyekundu zinatoka. Katika nchi nyingi za Ulaya, tangu zamani, wachoraji na wachezaji wa michezo ya kanisa walimfanya Yuda Iskariote kuwa na nywele nyekundu. Shakespeare mwenyewe, katika mchezo mwingine, anawaacha wasichana wawili wazungumze juu ya rangi ya nywele za Yuda kama jambo linalojulikana na wote. Basi Shylock akapewa nywele za Yuda. Maana yake ilikuwa wazi kwa watazamaji: mnamwona huyu, ni ndugu wa yule aliyemuuza Bwana.

Tukafungua Biblia. Ninyi wa darasa la dini mnaweza kutafuta pia. Injili zote nne hazisemi neno juu ya nywele za Yuda, rangi wala urefu. Wenye kutajwa kuwa wekundu katika Maandiko ni wengine: Esau siku ya kuzaliwa kwake, katika Mwanzo 25, na Daudi, katika 1 Samweli 16. Daudi, mfalme, mwenye zaburi tunazoimba! Kama nyekundu ni alama ya ubaya, tufanye nini na Daudi? Basi rangi ya Yuda ni maneno ya watu. Haikuandikwa.

Tena fikirini hali ya watazamaji wa London wakati ule. Mfalme Edward wa Kwanza alifukuza Wayahudi wote wa Uingereza mwaka 1290. Hawakuruhusiwa kukaa wazi tena mpaka karibu na mwaka 1656. Mbele ya hapo wachache tu walikuwa London kwa siri. Kwa hiyo watu wengi walioangalia Shylock hawakuwa na jirani Myahudi hata mmoja. Waliangalia ndevu za bandia, wakafikiri wamemwona Myahudi.

Na hata ile habari ya kwamba Shylock wa siku za Shakespeare alivaa nyekundu, haina mguu imara. Shakespeare alikufa mwaka 1616. Shairi lenye kusimulia Shylock wa nywele nyekundu lilichapwa mwaka 1664, karibu miaka hamsini baada ya kifo chake. Hatusemi ni uongo. Inawezekana kabisa kwamba ilikuwa hivyo. Lakini hapa kwetu, kama mtu anasimulia mambo ya kijiji ya miaka hamsini iliyopita, wazee wanamuuliza kwanza: "Ulikuwa wapi? Nani alikuambia?" Tumfanyie shairi vilevile.

Tena wachezaji wenyewe wa Uingereza waliacha ile desturi. Mwaka 1741, Charles Macklin alicheza Shylock kule London, akamtoa katika kuchekesha na kumfanya mtu wa kuogopwa. Alivaa kofia nyekundu, akaeleza ya kwamba alisoma kuwa Wayahudi wa Venisi walivaa kofia za namna ile. Tarehe 26 Januari 1814, Edmund Kean, mchezaji ambaye London haikuwa inamjua bado, alitokea katika jumba la Drury Lane na nywele nyeusi na ndevu nyeusi. Usiku ule ulimpa jina kubwa, maana watu walimwona Shylock kama mtu mwenye uchungu na akili. Mwaka 1879 Henry Irving alimcheza kama mzee wa mvi, mwenye heshima yake, na mchezo ule uliendelea usiku kwa usiku kupita mia mbili. Basi mwenye kusema "tufanye kama wenyewe walivyofanya", tunamuuliza: wenyewe gani? Wa mbele ya 1814 ao wa baada yake?

Mkifikiri rangi ni kitu kidogo, sikieni habari ya Vienna. Mwaka 1943, wakati wa Hitler, Mabepari wa Venisi ulichezwa katika jumba kubwa la Burgtheater katika mji ule. Shylock alichezwa na Werner Krauss, na alitokea na nywele nyekundu na ndevu nyekundu. Zile ndevu zilizokuwa zimeachwa, zilirudi. Wakati ule Wayahudi wa Vienna walikuwa wamekwisha kukimbia ao kupelekwa kuuawa. Katika Ulaya nzima waliuawa karibu milioni sita. Hatusemi ndevu za bandia ziliua watu. Tunasema ya kuwa watu wakizoezwa miaka na miaka kucheka mtu wa rangi fulani, siku mtu huyo anapochukuliwa usiku, wengi hawatoki inje kuuliza anapelekwa wapi.

Sasa turudi Kasongo. Rangi nyekundu hapa haisemi Yuda. Hakuna mtu wetu mwenye kuona nywele nyekundu akamkumbuka Yuda. Inasema mambo mengine mawili.

La kwanza ni hina, na hina inamaanisha mzee Mwislamu. Kasongo ni mji wa Waungwana tangu siku za Tippu Tip. Misikiti iko, jamaa ziko, na katika nyumba nyingi ndugu mmoja anaenda kanisani na mwingine anaenda msikitini. Mtoto wa dirishani hakukosea. Alisema alichokiona. Sisi ndio tuliomwonyesha mkopeshaji mwenye kisu na kumvika ndevu za babu ya mwenzetu.

Na si mara ya kwanza. Wengi wetu tumeona michezo ya shule juu ya vita vya Waarabu. Kila mara Tippu Tip anapakwa unga usoni awe mweupe, anafungwa ndevu ndefu nyekundu ao nyeupe mpaka tumboni, kisha anapigwa na askari wa Dhanis katikati ya Kasongo. Picha za Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ziko katika vitabu. Zinaonyesha mtu mweusi mwenye ndevu za kawaida. Tena askari wa Dhanis walipoingia Kasongo, Aprili 1893, yeye hakuwa hapa. Alikuwa amekwisha kurudi Unguja, na huko alikufa mwaka 1905. Aliyekuwa hapa ni Sefu, mwana wake. Hatutaki kumsafisha Tippu Tip. Watu wa Maniema walifungwa minyororo na kubebeshwa pembe za ndovu, na hilo lisemwe wazi kwenye mchezo. Lakini ile ndevu ya uongo ina kazi yake: baada ya mchezo, watoto hawaimbi juu ya Tippu Tip, maana amekufa. Wanamwimbia jirani.

Jambo la pili ni chungu zaidi. Ni nani kwetu mwenye nywele nyekundu za kuzaliwa ao za mwilini, bila hina? Ni mtoto wa kwashiorkor. Kila mtu aliyefika kituo cha afya amemwona: tumbo limejaa maji, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, maana mwili umekosa chakula cha kuujenga. Tena kuna ndugu zetu albino, wenye nywele za manjano, ambao tayari wanabeba maneno mengi ya watu. Rangi ambayo Wazungu waliifanya alama ya mwovu, katika vijiji vyetu ni alama ya njaa. Tukiifanya ya kuchekesha jukwaani, kicheko kitaangukia nani?

Tunajua majibu ya wenzetu, tumeyasikia yote internati.

Wa kwanza wanasema: "Ni mchezo tu. Watu wanakuja kucheka." Ni kweli, mchezo huu una kuchekesha, na Lancelot mtumishi atawachekesha mpaka machozi, tumehakikisha hilo. Lakini Shylock akichekwa tangu anapoingia, watu hawatasikia pale anapouliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, hatoki damu akichomwa kama wengine. Yale ndiyo maneno makubwa ya mchezo wote. Yakisemwa na mtu mwenye ndevu za kuchekesha, yanapotea bure.

Wa pili wanasema: "Mnamwogopa mwenzenu mmoja. Kesho mwingine atakataa viatu." Hapana. Kama kitabu kingesema ndevu ni nyekundu, ao kama Venisi ingekuwa hivyo, tungekaa naye na mabishano yangekuwa magumu. Lakini tumetafuta, na tumekuta ya kwamba tulitaka kumwumiza mwenzetu juu ya kitu ambacho hakimo katika kitabu. Huo si ukweli wa historia. Ni uzembe wetu wa kusoma.

Wa tatu wana akili, na swali lao lilitusumbua. Wanasema: "Kama mnafuata kitabu, basi Portia sherti awe na nywele za dhahabu, maana Bassanio anasema hivyo wazi. Mtapata wapi?" Ni kweli, Bassanio anasifu nywele zake kuwa kama jua, kama ile ngozi ya kondoo ya dhahabu ambayo watu wa kale wa Ugiriki waliisafiria kwa merikebu. Lakini angalieni anasema nini: anasema huyu binti ni wa thamani, na wachumba wanatoka pande zote za dunia kumtafuta. Mwenzetu mwenye kucheza Portia atasuka nywele zake mwenyewe, na ndani ya misuko tutatia nyuzi za rangi ya dhahabu. Thamani itaonekana, na yeye atabaki yeye. Nywele za manjano za plastiki tumezikataa, na Bassanio mwenyewe yuko upande wetu. Mbele ya kuchagua sanduku, anasema dunia inadanganywa na mapambo, na mfano anaoutoa ni nywele za dhahabu za bandia, zenye kucheza katika upepo juu ya kichwa cha mtu mzuri, kumbe zilitoka kwa maiti aliye kaburini. Mwandishi aliyesema hivyo hawezi kutukasirikia juu ya nyuzi.

Basi, maoni yetu ni haya.

Ndevu za Shylock ziwe nyeusi zenye kuingiliwa na mvi. Hiyo inafuata kitabu, maana ni mzee. Inafuata njia ya Kean na ya Irving. Tena inafuata macho ya watu wa hapa, maana mzee wa ndevu nyeusi na nyeupe ni mzee wa kila nyumba: wa kanisani, wa msikitini na wa shambani. Kila mtazamaji atamwona baba yake mdogo. Vifaa tumepata. Kuna mbuzi dume nyuma ya jikoni mwenye manyoya ya rangi hizo mbili, na mpishi amekubali tukate bila kumwumiza. Tutashonea juu ya kitambaa, na kitambaa kitafungwa nyuma ya masikio. Ulimbo hatutatumia tena. Aliyejaribu ulimbo anajua sababu, na shavu lake pia linajua.

Nyekundu iende fasi yake ya kweli, yaani kwenye kofia. Lakini hapa pia tufanye kwa uangalifu. Tukichukua tarabushi nyekundu, tumerudi msikitini kwa mlango wa nyuma. Kofia iwe ya kitambaa, yenye ukingo mpana pande zote, kama za Ulaya ya wakati ule. Na mbele ya mchezo kuanza, mmoja wetu asimame aeleze kwa maneno machache: kofia hii mtu huyu hakuichagua, sheria ya mji wake ilimlazimisha. Tena kuna jambo tumelifikiri: mwishoni, Shylock akiisha kuamriwa kuwa Mkristo, avue kofia ile aiache chini. Sisi tulio Wakristo tutaiangalia pale chini, na tujiulize kama mtu anaingia katika imani kwa kisu cha sheria. Swali hilo ni kubwa kuliko ndevu. Tunaliacha kwa mkutano wa vijana wa Jumapili.

Na ile raphia ya hina? Tumeitoa. Wasichana wa mwaka wa nne wameifuma, imekuwa ukingo mzuri wa kikapu cha sadaka ya mavuno. Faranga zetu hazikupotea zote.

Limebaki neno moja, nalo ni deni. Tulikwenda wanne nyumbani kwa mwenzetu, jioni, tukamkuta babu yake amekaa barazani. Tulimsalimu kwa heshima, tukasema tumekuja kuomba radhi, tukaeleza juu ya nini. Mzee alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha alituuliza kama huyo Shylock alilipwa deni lake. Tukamwambia hapana, hakulipwa. Akasema: "Basi ana haki ya kukasirika, lakini hana haki ya kukata mtu." Wapendwa, tumesoma mchezo huu miezi mitatu na hatukuwa tumeusema kwa ufupi namna ile.

Mzee amesema atakuja siku ya sikukuu, kama atapewa kiti cha mbele. Kiti kimewekwa. Mwenzetu bado hajatupa jibu. Karatasi yake ya maneno iko palepale juu ya meza, na hatujampa mtu mwingine.

Mwenye kupinga maoni yetu aandike, asiseme nyuma ya darasa. Gazeti ni letu sote, na wino bado uko.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa tano.